Ipe Ngalawa Uzito Wake: Namna ya Kuunda Chombo Kinachoelea Kwenye Mchezo wa Video

Ngalawa ya kwanza niliyoiweka kwenye mchezo wangu ilipanda na kushuka vizuri tu. Nilikuwa nimeiandikia mstari mmoja wa kodi: kila fremu, tafuta kimo cha wimbi, ukifanye kuwa kimo cha chombo. Nikaenda nayo Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kumwonyesha ami yangu, ambaye amevua kwa ngalawa tangu kabla sijazaliwa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hii haijapakia kitu. Haina hata mtu."

Ni kweli. Ndani ya kodi yangu hamkuwa na kilo hata moja. Ngalawa ilikuwa picha iliyobandikwa juu ya maji. Nikafuta yote nikaanza upya, na hapa nakueleza nilivyoianza, nikitumia Godot 4, injini ya kutengenezea michezo. Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni moja: kipe chombo uzito na ujazo wake wa kweli, kwa kilo na kwa mita, na sehemu kubwa ya kazi maji yatakufanyia yenyewe. Ukianza kubahatisha namba mpaka "ionekane sawa", kila utakachoongeza baadaye, tanga, shehena, usukani, kitakulazimisha ubahatishe tena.

Anza na karatasi

Kanuni yenyewe ni ya Archimedes wa Sirakusa, karne ya 3 kabla ya Kristo: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyasogeza. Maji ya bahari yana takriban kilo 1025 kwa kila mita ya ujazo, ya mto au ziwa kilo 1000. Kwa hiyo chombo kile kile kikitoka baharini kikaingia mtoni hukaa chini kidogo zaidi.

Ngalawa ninayoiunda ina urefu wa mita 5.5. Mtumbwi wake una upana wa sentimita 55 na kimo cha sentimita 60. Nilikadiria kilo 220 kwa mtumbwi, marengu (mbao za pembeni zinazouzuia usipinduke), mlingoti na tanga, na kilo 140 kwa watu wawili. Jumla ni kilo 360. Gawa kwa 1025: chombo hiki kitatulia kikishasogeza mita za ujazo 0.351 za maji.

Sasa tafuta ujazo wa mtumbwi mzima. Ungekuwa sanduku, 5.5 × 0.55 × 0.6 ingetupa 1.8 na kidogo. Lakini umechongoka omo (mbele) na tezi (nyuma), na chini umeviringa kama gogo la mwembe ulikotoka, basi nachukua asilimia 70 tu: mita za ujazo 1.27. Chukua 0.351 ugawe kwa 1.27, unapata karibu asilimia 28. Yaani ngalawa ikiwa na watu wawili inakaa majini zaidi kidogo ya robo ya kimo chake, sentimita 16 au 17.

Nilimpigia ami simu nikamuuliza maji yanafika wapi ngalawa ikiwa na watu wawili na haina samaki bado. "Morita moja," akajibu bila kufikiri. Morita ni urefu wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada ukivitanua. Nikatanua vyangu juu ya rula: sentimita 17.

Iandike namba yako mahali utakapoiona kila siku. Siku nyingi zijazo hiyo ndiyo itakayokuambia kama umekosea.

Bahari iwe moja, yenye saa moja

Kabla ya chombo kuna maji. Kosa ninaloliona mara nyingi ni bahari mbili: moja iliyomo kwenye sheda (kodi ya kuchora), inayochorwa na kadi ya picha, na nyingine iliyomo kwenye skripti, ambayo chombo huiuliza kimo. Mchezaji anaona ngalawa imezama ndani ya wimbi au inaning'inia hewani, na mtengenezaji anahangaika na nguvu za kuelea ilhali nguvu hazina kosa lolote. Hesabu za mawimbi zikae sawasawa pande zote mbili, na saa itoke mahali pamoja. Usitumie TIME iliyomo kwenye sheda za Godot. Saa hiyo, usipoibadilisha kwenye mipangilio, hurudi sifuri kila baada ya sekunde 3600, na mchezaji wako akiwa saa nzima baharini ataona mawimbi yameruka ghafla. Weka kigeu chako, kiongeze kwenye `_physics_process`, kisha ukipeleke kwenye sheda kwa `set_shader_parameter`.

Mawimbi yenyewe natumia ya Gerstner, mwanahisabati wa Bohemia aliyeyaeleza mwaka 1802. Uzuri wake ni kwamba maji hayapandi na kushuka tu. Kila tone linazunguka duara, linasogea mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo kilele cha wimbi kinakuwa chembamba na bonde lake pana, kama unavyoliona ukiwa umekaa chomboni. Mwendo wake nao hubahatishi. Kwenye maji ya kina, urefu wa wimbi peke yake unatosha kukupa kasi: wimbi la mita 14 hutembea mita 4.7 kwa sekunde, la mita 8 mita 3.5, la mita 4.5 mita 2.65. Nimetumia hayo matatu, yenye vimo vya sentimita 25, 12 na 5, kila moja likielekea upande wake kidogo. Kwa maji ya ndani ya mwamba yanatosha kabisa.

```
func msogeo(q: Vector2) -> Vector3:
    var jumla = Vector3.ZERO
    for w in mawimbi:
        var k = TAU / w.urefu
        var pembe = k * w.uelekeo.dot(q) - sqrt(9.8 * k) * saa
        jumla.x -= w.uelekeo.x * w.kimo * sin(pembe)
        jumla.z -= w.uelekeo.y * w.kimo * sin(pembe)
        jumla.y += w.kimo * cos(pembe)
    return jumla

func kimo_cha_maji(p: Vector3) -> float:
    var hapa = Vector2(p.x, p.z)
    var kisio = hapa
    for i in 4:
        var hama = msogeo(kisio)
        kisio = hapa - Vector2(hama.x, hama.z)
    return usawa + msogeo(kisio).y
```

Itazame vizuri fanksheni ya pili, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kwa kuwa tone la maji limehama kutoka lilipokuwa, ukiuliza "hapa chini yangu maji yako juu kiasi gani?" hupati jibu kwa kuweka x na z zako moja kwa moja. Tone lililopo chini yako sasa lilianzia kwingine. Basi unakisia lilikoanzia, unaona limehama kiasi gani, unasahihisha, unarudia. Mara 4 zinatosha kwa mawimbi ya kimo hiki. Gharama yake ni ndogo: nukta 10 za chombo, kila moja ikiuliza mara 5 juu ya mawimbi 3, mara 60 kwa sekunde, ni hesabu 9000 tu kwa sekunde. Simu ya bei nafuu inazimeza bila kuchemka.

Kigeu `usawa` ni cha maji kujaa na kupwa. Unguja, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hufika mita 4 hivi, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25. Mimi nimeibana safari hiyo iwe dakika 20. Maji yakipwa, ngalawa inalala mchangani yenyewe, imeegemea rengu moja. Sikuiandikia mstari hata mmoja wa kuifanya ilale.

Nukta kumi

Sasa chombo. Tengeneza RigidBody3D (kitu cha Godot kinachotii nguvu za fizikia), andika 360 kwenye uzito wake. Chini ya mtumbwi, usawa wa mkuku (uti wa chini wa chombo), panga nukta kumi: tano ubavu wa kulia na tano ubavu wa kushoto, kila moja sentimita 20 kutoka katikati, kuanzia omo hadi tezi. Kila nukta inabeba sehemu ya kumi ya ujazo, yaani 0.127. Ikizama kimo kizima cha mtumbwi, maji yanaisukuma juu kwa niutoni 1276 hivi. Ikizama nusu, nusu yake.

```
extends RigidBody3D

const MAJI = 1025.0
const KIMO = 0.6
const UJAZO = 0.127
const UTULIZO = 600.0

@export var bahari: Node
@onready var nukta = $Nukta.get_children()

func _physics_process(_delta):
    for n in nukta:
        var mahali = n.global_position
        var kina = bahari.kimo_cha_maji(mahali) - mahali.y
        var sehemu = clamp(kina / KIMO, 0.0, 1.0)
        if sehemu == 0.0:
            continue
        var mkono = mahali - global_position
        var kasi = linear_velocity + angular_velocity.cross(mkono)
        var nguvu = Vector3.UP * MAJI * 9.8 * UJAZO * sehemu
        nguvu.y -= kasi.y * UTULIZO * sehemu
        apply_force(nguvu, mkono)
```

Mstari wa UTULIZO ndio unaokizuia chombo kisidunde kama mpira. Bila huo, ngalawa hii hupanda na kushuka mara moja kila sekunde 0.8 na haikomi. 600 sikuipata kwa kubahatisha: nilitaka theluthi hivi ya kiasi ambacho kingekifanya chombo kitulie bila kudunda hata mara moja. Chombo chepesi kikidunda mara mbili tatu na kutulia, jicho linaridhika.

Kuna njia kamili zaidi, ya kukata kila pembetatu ya meshi (wavu wa pembetatu unaounda umbo la chombo) kwenye mstari wa maji na kuhesabu msukumo wa kila kipande kilichozama. Jacques Kerner aliieleza vizuri kwa watengenezaji wa michezo mwaka 2015. Ukiunda boti la mwendo wa kasi linaloruka juu ya mawimbi, ifuate. Kwa ngalawa, mashua au jahazi, nukta kumi zinatosha.

Sasa `mkono`, ambao ulinigharimu siku tatu. Mwanzoni niliandika `apply_force(nguvu, mahali)`. Chombo kikawa kinaelea vizuri ufukweni. Nikakipeleka mbali kidogo kikaanza kutikisika, na nilipofika kama mita 300 kikajizungusha kama pia na kupaa. Nikapunguza nguvu, nikaongeza utulizo, nikabadili mawimbi. Hakuna kilichosaidia, na kila nilipokirudisha ufukweni kilikuwa kizima. Hilo la ufukweni ndilo lililonifumbua macho: kitovu cha ramani yangu kilikuwa pale pale ufukweni. Godot haitaki kujua nukta iko wapi duniani. Inataka kujua nukta iko umbali gani kutoka kwenye asili (nukta ya sifuri) ya chombo, kwa kufuata mihimili ya dunia. Mimi nilikuwa naipa mwenzo wa mita 300, na mwenzo wa urefu huo unapindua chochote. Kama umetoka Unity, injini nyingine ya michezo, utaingia mtego huu haraka zaidi, kwa sababu kule AddForceAtPosition hutaka mahali pa dunia hasa.

Ukimaliza, zima mawimbi. Weka ngalawa juu ya maji matulivu, isubiri sekunde kumi, kisha soma kina cha nukta. Yangu ilisoma 0.166. Morita ya ami. Kama yako haisomi ulichopata kwenye karatasi, usiendelee, rudi utafute.

Marengu, na kwenda mrama

Ila kuna jambo: ukiwa na nukta hizo kumi peke yake, ngalawa itapinduka. Yangu ilipinduka mara tu nilipopandisha kitovu cha uzito sentimita 35 juu ya mkuku, mahali pake panapostahiki watu wawili wakiwa wameketi. Usiifungie kwa nguvu za kubuni. Mtumbwi wa upana wa sentimita 55 wenye mlingoti hauna namna ya kusimama peke yake, ndiyo sababu wazee wakaupa marengu.

Rengu la ngalawa ni ubao uliolazwa kwa mshazari ubavuni, mbali na mtumbwi. Mwanzoni nililitendea kama mtungi mtupu, nikalipa ujazo mkubwa, na ngalawa ikawa kama meza yenye miguu minne: haiinami kwa upepo, haiinami kwa wimbi, inakera kuitazama. Nikarudi kwenye karatasi. Ubao wa mita 3 kwa sentimita 25 kwa sentimita 4 una ujazo wa mita 0.03 tu. Ukizama wote unasukumwa kwa niutoni 300 hivi, na ukiwa mita 2 kutoka katikati unarudisha chombo kwa mzungusho wa niutoni-mita 600. Basi. Msaada mkubwa zaidi unatoka kwenye mwendo: ubao wa mshazari ukikata maji unainuliwa, kama kiganja unachokitoa nje ya boti ukakilaza kidogo. Kwa hiyo rengu lina nguvu mbili kwenye kodi, ndogo ya kuelea na nyingine inayokua kwa kasi kipeo cha pili. Kwa mita 3 kwa sekunde ile ya pili inaipita ya kwanza zaidi ya mara mbili. Ngalawa iliyosimama inayumba, inayokwenda inajishika. Wavuvi wote wanalijua hilo, na mchezaji wako ataligundua kwa mikono yake bila kuandikiwa maelezo.

Sehemu ya pili ya mrama (chombo kuyumba ubavu kwa ubavu) ni ukaidi wa chombo kuzunguka. Godot huuhesabu kutoka kwenye umbo la mgongano, na umbo langu lilikuwa sanduku jembamba la mtumbwi. Kwa sanduku hilo, ukaidi wa kulala ubavu kwa ubavu ni kama 20 tu, na ngalawa ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Lakini kila rengu pamoja na miti yake nalikadiria kilo 20, na liko mita 2 nje: 20 × 2 × 2, mara mawili, ni 160. Jumla ni 180, mara tisa ya ile ya Godot. Nikaandika `inertia = Vector3(900, 1060, 180)`, na homa ikaisha siku hiyo hiyo. Jaza namba zote tatu, usijaze moja ukaacha nyingine sifuri.

Kila ukibadilisha kitu hapa, jaribu tena kwa mawimbi ya ubavuni, maana hapo ndipo mrama hujitokeza.

Maji yanapokataa

Chombo hakisogei kwa sababu tu kimesukumwa. Kinasogea kule ambako maji yanakikubalia. Ngalawa ikienda mbele inapasua maji kwa omo nyembamba. Ikisukumwa ubavu inalazimika kusukuma maji ya urefu wake wote. Kwa hiyo usitumie `linear_damp`, ambayo inazuia pande zote sawasawa. Chukua kasi ya chombo, igeuze iwe kwa mihimili ya chombo chenyewe, kisha kila upande uupe kizuizi chake, kinachokua kwa kipeo cha pili cha kasi.

Namba za kwangu: mbele 28, ubavu 480. Ile 480 ni nusu ya 1025 mara eneo la ubavu lililomo majini, mita 5.5 kwa 0.17. Ile 28 niliipata kwa kurudi nyuma: nilitaka msukumo wa niutoni 250 uipeleke ngalawa mita 3 kwa sekunde, karibu fundo 6. Kasi hiyo nayo haikutoka hewani. Chombo cha mita 6 kasoro kinapofika hapo wimbi linalotoka omo linakuwa refu kama chombo chenyewe, na kuanzia hapo kila hatua ya ziada inagharimu sana.

Kizuizi cha ubavu kigawanye kwenye nukta tatu, omo, katikati na tezi, kila moja ikitumia kasi ya mahali pake. Ukikiweka chote katikati, ngalawa itajizungusha bila maji kulalamika.

Tanga na kana

Hapa nilitarajia kazi kubwa nikakuta ndogo, na ni kwa sababu ya ule mgawanyo wa mbele na ubavu.

Kwanza tafuta upepo unaofika kwenye tanga: upepo wa kweli utoe kasi ya chombo. Ukienda na upepo wa tezi wa mita 6 kwa sekunde, nawe uko kwenye mita 3, tanga linahisi mita 3 tu, na nguvu yake inabaki robo. Kisha chukua sehemu ya upepo huo inayopiga kitambaa mraba, ipige kipeo cha pili, mara eneo la tanga, mara 0.6 (nusu ya uzito wa hewa, ambao ni kilo 1.2 kwa mita ya ujazo). Nguvu hiyo ielekeze mraba na kitambaa, uiweke mita 2.5 juu ya maji. Tanga langu la mita za mraba 12, kwa upepo wa mita 6 unaolipiga mraba, linatoa niutoni 259.

Sikuandika popote kwamba ngalawa haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye upepo wa omo. Haiwezi. Tanga linasukuma kwa mshazari, maji yanakataa ubavu na kukubali mbele, na kinachobaki ni mwendo wa kwenda mbele na kuteleza kidogo pembeni. Mchezaji akitaka kwenda unakotoka upepo lazima apige bisha, akate kulia, akate kushoto. Siku ya kwanza nilipoiona ngalawa ikipiga bisha yenyewe, kwa hesabu za kizuizi peke yake, nilikaa nikaiangalia mpaka ufukwe ukapotea.

Na ile nguvu ya 259 ikiwa juu mita 2.5 inalaza chombo kwa mzungusho wa 648, wakati rengu lisilo na mwendo linarudisha 600 tu. Itapinduka, isipokuwa mtu mmoja ahamie upande wa joshini, upepo unakotoka. Mtu wa kilo 70 akikaa mita 1.5 nje anarudisha zaidi ya 1000. Kwenye Godot hilo ni kusogeza `center_of_mass` kwa mita 0.29 upande huo, baada ya kuchagua uiweke mwenyewe. Nimempa mchezaji kitufe kimoja cha kumhamisha baharia. Ndicho kinachotumika kuliko vyote.

Usukani: nguvu yake iwe kwa kipeo cha pili cha kasi ya maji yanayoupita, iwekwe tezi. Chombo kikisimama, usukani haufanyi kitu. Usimpe mchezaji uwezo wa kuzungusha ngalawa papo hapo ilipo. Kama anataka, mpe kasia au pondo. Na kana (mkono wa usukani) ikisukumwa kushoto, chombo kiende kulia. Watu wasiozoea watakosea dakika mbili, halafu mkono unazoea.

Maji yakiingia ndani

Hiki sikukipanga. Nilirudi Nungwi na toleo jipya. Safari hii ami hakusema neno, akavuta demani (kamba ya tanga), akashika kana, akaenda. Alimhamisha baharia bila kuuliza kitufe ni cha nini. Kisha akaiachia ngalawa ilale mno kwenye wimbi la ubavu, ukingo ukazama, ukarudi juu. Akasubiri. Akanitazama: "Maji yameingia. Kopo liko wapi?"

Mtumbwi wangu haukuwa na ndani. Nilipofika nyumbani niliweka nukta nne ukingoni. Ukingo ukizama, lita zinaingia kulingana na kina na muda, na kila lita inaongeza kilo moja kwenye uzito wa chombo. Lita 100 zinaishusha ngalawa sentimita 4.6, hivyo ukingo unakaribia maji na wimbi linalofuata linaingiza zaidi. Kitovu cha uzito nacho ukivute upande ulioinama, maana maji hukimbilia huko, na ndiyo yanayoimaliza ngalawa. Nimeweka kikomo cha lita 900: mti wa mwembe ni mwepesi kuliko maji, hauendi chini, ngalawa inabaki imejaa, imelala usawa wa bahari, na mchezaji akiwa na subira anaweza kuiokoa.

Kopo linatoa lita 2 kwa kila mguso.